Atija Hapandi Chombo

Kila mtu kijijini Quitunda alijua mambo mawili kuhusu Atija: hasemi mpaka asemeshwe, na hapandi chombo. La kwanza walilihesabu kuwa sifa, la pili hawakulihesabu kuwa kosa. Bibi yake mzaa mama, Atija wa kwanza, alikuwa hivyo hivyo. Alikaa kimya maisha yake yote, akafa bila maji ya bahari kumpita magoti, na mjukuu akaja na hulka ileile, tena na jina lilelile, basi nani angeshangaa?

Jina lenyewe alilipata kwa kulia. Alipozaliwa, mwaka wa tisini na saba, alilia siku nane mfululizo, na mtoto wa namna hiyo huku kwetu huambiwa analilia jina. Maana yake yuko mtu katika marehemu wa ukoo anayetaka kurudi, na mtoto hatanyamaza mpaka atajwe. Siku ya nane wanawake walikusanyika asubuhi, wakakoroga unga wa mtama katika bakuli la maji, wakaanza kutaja majina ya wafu mmoja mmoja huku mtoto akipasuka kwa kilio. Shehe wa msikiti alikuwa hayapendi mambo hayo, lakini siku ile alipita njia ya mbali na kujifanya ana haraka. Walipofika kwa Atija, mtoto akanyamaza, vikapigwa vigelegele, na jambo likaisha.

Tangu hapo Alima, dada mkubwa wa mama yake, akawa anamwita yule mtoto "mama". Mtu aliyerudi na jina la mama yako ni mama yako, hata kama wewe ndiye unayemtawaza. Na ni Alima aliyemlea, kwa kuwa mama mzazi aliolewa tena akahamia Nampula. Wageni waliofika nyumbani kwao walikuwa wanapotea. Walimsikia mwanamke wa miaka sitini akimwita msichana "mama", na msichana akiitikia "abee, mama", na hakuna mwenyeji aliyecheka.

Sasa Atija alikuwa na miaka ishirini na nane na cheti cha ualimu ambacho kwa miaka minne hakikuwa kimempa hata chaki. Alikuwa akifundisha watoto wa majirani barazani, kwa shukrani na sahani ya muhogo. Kazi aliitaka mpaka ikawa inamuuma. Jumanne moja ujumbe ukaingia kwenye simu yake kutoka idara ya elimu ya wilaya: nafasi imepatikana, darasa la kwanza na la pili, aje mjini Palma kusaini kabla ya Ijumaa mchana, na akikataa jina lake litarudi chini ya orodha. Mashua itawachukua walimu Jumatatu. Shule iko Macaloe.

Macaloe ni kisiwa. Atija alisoma lile neno mara tatu kama vile kisiwa kingeweza kuota daraja kati ya mara ya pili na ya tatu. Kisha akaiweka simu juu ya kabati.

Mama Alima alipoambiwa hakuacha hata kusuka ukili wake. Alisema watampa nyingine, awaambie tu kwamba Atija hapandi chombo. Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, utadhani wilaya inalo faili la mambo hayo.

Lakini wiki ileile Atija alikuwa na deni jingine la akili. Alikuwa anasoma saikolojia kwa masafa, somo la haiba ya mtu, na mwalimu wake, daktari Narciso wa Nampula, hufundisha kwa sauti za WhatsApp zenye majogoo nyuma yake. Kazi aliyowapa ilikuwa hivi: chagua mtu mmoja ambaye si wewe. Tafuta watu watatu waliomjua, kila mmoja peke yake. Waulize mambo matano na wakupe alama kuanzia moja hadi tano: alipenda mambo mapya kiasi gani, alishika kazi kiasi gani, alipenda watu na mazungumzo kiasi gani, alikuwa mpole kwa wenzake kiasi gani, na alikuwa mwepesi wa hofu kiasi gani. Ukimaliza, jibu swali moja. Je, mtu huyo alizaliwa hivyo, alifanywa hivyo, au alijichagulia?

Swali hilo Waswahili tumelijibu zamani, ila tumelijibu mara nyingi mno. Tukimchukia mtu tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Tukitaka kumlaumu mama yake tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukitaka kumsukuma aamke kitandani tunamwambia penye nia pana njia. Mdomo mmoja huweza kuyasema yote matatu kabla ya adhuhuri, na mwenyewe haoni tatizo. Atija aliliona, na likamkaa rohoni.

Akamchagua bibi yake. Sababu hakumwambia mtu, lakini mimi nitakuambia. Alitaka kujua kabla ya Ijumaa yeye mwenyewe ametengenezwa kwa kitu gani. Kama hofu ya maji ilikuwa hulka ya Atija, imekuja na damu na jina, basi asijitese: aikatae Macaloe, arudi chini ya orodha, akae na Mama Alima. Na kama si hulka, hapo hakujua angefanya nini.

Wa kwanza alikuwa babu Hamido, mdogo wake bibi, fundi cherehani wa Palma. Miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea na mdomo wake haujafungwa kwa chochote. Alimpokea kwa furaha, akamwita "dada" kama alivyozoea, akamwondolea vitambaa kwenye kiti. Alipoelezwa habari ya alama aliuliza moja ni ya nini na tano ni ya nini, kisha akauliza kama serikali ndiyo inayotaka kujua. Akahakikishiwa kwamba siyo.

Kuhusu mazungumzo, alisema, andika moja. Ukimuuliza Atija jana kama amekula, atakujibu leo jioni. Alikuwa anakaa pale mlangoni, kanga kichwani, macho chini, hana habari na mtu. Upole, tano. Kazi, tano. Mambo mapya, moja, hata redio aliigeuzia mgongo. Na hofu? Hamido aliinua sindano juu. Hofu tano, tena ya bahari. Yeye alisikia kwamba kuna kitu kilimtokea majini alipokuwa msichana. Kitu gani, hakujua, na nani alimwambia, hakukumbuka.

Atija aliandika yote, na moyo wake ukawa mzito kidogo, kwa kuwa mtu aliyekuwa anaelezwa alimjua vizuri. Alimwona kila siku kwenye kioo.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Mama Lurdes, mstari wa tatu wa nyumba za bloko, zile za matofali ya saruji tulizojengewa tulipohamishwa. Lurdes ni Mmakonde wa Mueda, Mkristo, aliyeletwa pwani na ndoa akiwa binti, na shamba lake la mpunga katika kijiji cha zamani lilipakana na la bibi Atija kwa miaka sita. Ile ardhi sasa ina uzio wa kampuni iliyotuhamisha, na Lurdes analima kiwanja alichopimiwa, kila jembe moja linafuatana na maneno mabaya. Alimkalisha Atija juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza maswali yote, na lilipofika swali la mazungumzo akatupa kichwa nyuma akacheka.

"Tano," alisema. "Na kama iko sita, andika sita."

Atija alidhani hajaeleweka. Akaeleza upya. Lurdes akamwambia ameelewa sana. Bibi yako, alisema, nilipokuja huku sijui hata kuomba chumvi kwa Kiswahili, yeye ndiye aliyenifundisha, na matusi alinifundisha kabla ya salamu. Tulikuwa tunashinda shambani kufukuza ndege. Alikuwa anaimba, anawaigiza watu. Alimwigiza mdogo wake Hamido anavyotia uzi kwenye sindano mpaka nikakaa chini kwenye matope. Alimwigiza shehe. Alimwigiza mume wangu, na mimi ndiye niliyemwomba amwigize tena.

"Lakini babu Hamido anasema alikuwa hasemi," Atija alisema.

"Mbele ya Hamido angesemaje? Huyo ni ndugu yake wa kiume, na hapo mlangoni wapo wakwe, wapo wageni. Pale alikuwa na adabu. Kwangu alikuwa na mdomo."

Atija aliketi na kalamu mkononi, moja na tano zikiwa zimelala kwenye mstari mmoja wa daftari lake. Alikwenda mahali panaposhika mtandao, nyuma ya tangi la maji, akamtumia daktari Narciso sauti ya kuuliza ni yupi kati ya mashahidi wake anayedanganya. Jibu lilikuja baada ya nusu saa, kwa Kireno cha polepole na jogoo mmoja. Alisema huenda hakuna anayedanganya. Alisema wenye fani hii wamegombana juu ya jambo hilohilo kwa miaka mingi: wako wanaosema mtu anabeba tabia yake ndani popote aendapo, na wako wanaosema umpe mtu mahali pengine na watu wengine naye atakupa tabia nyingine. Yeye alikuwa hapendi kuchukua upande. Alichotaka ni aulize: mtu huyu ni nani akiwa na nani?

Atija aliisikiliza sauti ile mara nne, na mara ya nne hakuwa tena anamfikiria bibi. Alikuwa anafikiria baraza lake saa kumi za alasiri, pale watoto kumi na wanane wanapokaa mkekani. Pale alikuwa anaimba. Alikuwa fisi, akawa sungura, akapiga magoti akawa herufi S. Juzi mtoto wa jirani Fernanda alicheka mpaka akajikojolea. Kila siku kwa miaka minne alikuwa anapiga kelele saa mbili nzima, na bado kila mtu, yeye akiwa wa kwanza, alikuwa anasema Atija hasemi. Yale hakuna aliyeyahesabu. Aliona ajabu, kisha kicheko kikamjia, akacheka peke yake nyuma ya tangi, na mtu aliyekuwa anateka maji akamtazama.

Akarudi mbio kwa Lurdes. Alikuwa hajamuuliza la hofu.

Lurdes alifikiri. Alisema kweli bibi hakupanda chombo hata siku moja. Lakini hofu hakuiona. Aliwahi kumuuliza, na bibi akamjibu kwamba kule majini hakuna kitu anachokihitaji, samaki wanakuja wenyewe hadi mlangoni, kwa nini awafuate? Basi. Andika mbili, alisema Lurdes, maana kila mtu anaogopa kidogo.

Kisha akaongeza, akiwa amekwisha kushika jembe:

"Wewe ndiye niliyekushangaa. Ulikuwa unapenda maji wewe, mpaka siku uliyochapwa. Na ile siku ya jina nilikuwepo, lakini mimi sikuona unanyamaza kwa Atija. Muulize Alima, ndiye aliyekushika."

Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ambayo mtu huyabeba usiku kucha na mchana kutwa kabla ya kuyatua. Atija alilibeba lile mpaka Alhamisi alasiri. Aliwarudisha watoto makwao mapema, akaenda kuketi uani kando ya Mama Alima, ambaye alikuwa na ukili mrefu umezunguka miguu yake. Shahidi wa tatu alikuwa awe Ossufo, mzee aliyewahi kununua mikeka ya bibi. Hakumkumbuka tena.

Alianza na alama, kwa heshima. Mama Alima alijibu vizuri: mpole tano, kazi tano, hasemi, anaogopa bahari, yaani kama wewe, mama. Atija akaandika. Halafu akauliza kuhusu siku ya jina.

Mama Alima alisema Lurdes anazeeka. Akasuka. Akasema tena kwamba Lurdes anazeeka, na kwamba wabara hawajui mambo ya pwani. Atija hakujibu neno. Ule ukimya aliosifiwa nao maisha yake yote, siku hiyo kwa mara ya kwanza aliutumia makusudi, na ulikuwa na nguvu. Vidole vya Alima vilikwenda, vikaenda, vikasimama.

"Hukunyamaza," alisema. "Walipomtaja Atija ulikuwa unalia vilevile. Nilikugeuzia kifuani nikakutia titi chini ya kanga. Mwanangu nilikuwa ndiyo kwanza nimemwachisha, maziwa yalikuwepo. Ukanyonya. Wao wakapiga vigelegele."

"Kwa nini, mama?"

"Mama alikufa nikiwa Mtwara, tumekimbia vita. Habari nilizipata baada ya miezi mitano. Sikumwosha, sikumlilia na wenzangu, kaburi nilionyeshwa kwa kidole. Nikasema, wafu wa watu wengine wanarudi. Kwa nini wangu asirudi?"

Alima akaendelea mwenyewe, macho kwenye ukili, kwa sauti ya mtu anayefumua kitu alichokisuka vibaya. Alisema Atija alikuwa mtoto wa kelele. Kila alipokaa kimya, hata kama ni homa, Alima alimkumbatia akamwambia mama amekuja. Kila alipopiga kelele alimwambia nyamaza, Atija hayuko hivyo. Mtoto si mjinga, alijifunza upesi ni lini anakumbatiwa. Na maji aliyapenda kupita kiasi. Alipokuwa na miaka mitatu aliikimbilia mashua iliyokuwa inapakua samaki, akaingia mpaka shingoni huku anacheka, na Alima akamtoa kwa mkono mmoja na kumchapa kwa mwingine, akamchapa mpaka wavuvi wakamwomba aache.

"Nilikuwa nakwambia Atija hapandi chombo," alisema. "Kila kiboko nakwambia hivyo. Nilikuwa naogopa utakwenda. Mtu akifa mara moja inatosha, mwanangu."

Kwamba alimwita mwanangu, hakuna kati yao aliyelitaja. Lakini wote wawili walilisikia.

Atija alikasirika. Tusimpambe, alikasirika sana. Aliinuka akaenda mpaka mwisho wa nyumba za bloko, akarudi, akaenda tena. Miaka ishirini na minane alikuwa amekaa ndani ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine, kwa mujibu wa Lurdes, hata hakuwa vile. Bibi mwenyewe alikuwa akiigiza mashehe shambani. Walikuwa wamemvika nguo ambayo hata bibi mwenyewe hakuwahi kuivaa. Alimlilia mtoto wa miaka mitatu aliyechapwa, ambaye hakumkumbuka hata kidogo, na alimlilia Alima pia, aliyekaa Mtwara miezi mitano bila kujua kwamba hana mama. Hasira na huruma zilimjia pamoja, na hakuona njia ya kuzitenganisha.

Ilipofika jioni udadisi ukawa umezishinda zote mbili, kwa sababu Atija, kama hukumwona bado, ni mtu mdadisi. Hilo halikuwa kwenye orodha ya sifa za bibi, na hakuna aliyemchapa wala kumkumbatia kwa ajili yake. Alijiuliza: kama hofu yangu ilitiwa, je, sasa nimejua ilivyotiwa, imetoka?

Ijumaa asubuhi alipanda pikipiki mpaka Palma, na kabla ya kwenda wilayani aliteremka ufukweni. Akavua viatu, akapandisha kanga, akaingia. Kwenye vifundo vya miguu alikuwa mzima. Kwenye magoti harufu ya mafuta ya injini ikamfikia, tumbo likapanda, mikono ikawa baridi, masikio yakaziba. Ilikuwa ileile, haikupungua hata punje. Alisimama pale akiichunguza kama mtu anayechunguza jino kwa ulimi: inaanzia hapa, inapita hapa, inafika hapa. Uongo ulikuwa wa Alima, lakini hofu ilikuwa yake, na haikujali hata kidogo imetoka wapi.

Kwa hiyo Lurdes hakumponya, wala Alima, wala daktari Narciso na majogoo yake. Atija alikuwa ametegemea, bila kujiambia, kwamba ukweli ukijulikana miguu itakwenda yenyewe. Miguu haikwenda. Alibaki na jambo moja tu ambalo hakuna shahidi aliyelitia alama: nafasi iko mezani mpaka mchana, naye anaogopa, sasa anafanya nini?

Alitoka majini, akatapika kidogo mchangani, akavaa viatu, akaenda wilayani. Binti wa mapokezi, Cátia, alimuuliza kama anajua kwamba Macaloe ni kisiwa. Atija akasema anajua. Akasaini pale alipoonyeshwa, na herufi zilikwenda upande.

Kazi ya somo aliipeleka Jumamosi, kurasa nne. Mwishoni, palipotakiwa jibu, aliandika kwamba marehemu alikuwa watu wawili waliopatana vizuri, na kwamba kuhusu kuzaliwa, kufanywa na kujichagulia, mwandishi amegundua kwamba mtu huulizwa la tatu hata kabla hajamaliza kujibu mawili ya kwanza. Baadaye alipata kumi na tatu kati ya ishirini. Mwalimu aliandika pembeni kwamba hajafuata idadi ya mashahidi, kwa kuwa wa tatu alizungumza zaidi juu ya mtu mwingine.

Nyumbani Mama Alima hakusema naye Jumamosi wala Jumapili. Alipika, akapakua, akaweka sahani, akaondoka. Atija alifunga nguo na vitabu kwenye mfuko wa salfeti huku akisikia ukili unasukwa upande wa pili wa ukuta. Alitamani kuingia aombe radhi, kisha alitamani aombwe yeye, na kwa sababu hayo mawili yalikuwa yanapishana mlangoni, hakuna lililotokea. Jumatatu alfajiri alibisha, akasema anakwenda. Hakujibiwa.

Pale ufukweni Palma mashua ilikuwa ya injini, ya mbao, na walimu wengine wawili wa visiwa vya jirani walikuwa wamekwisha kupanda, wanakula mikate. Nahodha Nurdine alimpa mkono. Maji yalimfika magotini, mapajani, na Atija alipanda kwa tumbo, vibaya, kama gunia, akaketi kwenye ubao wa katikati. Wanawake wauza samaki pwani waliacha kupanga mafungu yao. Habari ya Atija kupanda chombo ilikuwa kubwa kuliko bei ya siku hiyo.

Ndipo Mama Alima alipoteremka kutoka barabarani, mwenyewe, bila kuitwa, kanga yake imefungwa ovyo. Alisimama ukingoni mwa maji akatazama mashua. Rosalina, mmoja wa wauza samaki, mwanamke mwenye utani na kila mtu, akamuuliza kwa sauti:

"Mama Alima, vipi? Leo mama yako anapanda chombo?"

Wengine wakaanza kucheka. Alima hakucheka wala hakukasirika.

"Mama yangu alikufa," alisema. "Alikufa nikiwa Mtwara, na sikumlilia. Yule ni Atija, mtoto wa mdogo wangu. Anakwenda kufundisha."

Kisha akakaa chini mchangani na kulia. Alilia kilio cha mfiwa, cha sauti, cha kutaja jina na sifa, kilio ambacho kilikuwa kimechelewa zaidi ya miaka thelathini. Wanawake walitazamana. Halafu wakaacha beseni zao, wakaja mmoja mmoja, wakaketi wakamzunguka. Rosalina mwenyewe alimshika mabega akampa pole ya msiba, naye akaipokea kama inavyopokewa.

Atija aliona yote kutoka kwenye ubao. Aliinuka nusu, mkono mmoja ukingoni, na Nurdine akamuuliza kwa upole kama anashuka, maana bado kuna wakati, na si aibu.

"Hapana," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akaketi, akaushika ubao kwa mikono miwili, akatapika hata kabla injini haijawashwa.